Rufaa Dhidi ya Kijitabu cha Nembo Nilichokiandika Mwenyewe

Kwa Mstahiki Meya wa Jiji,
Ghorofa ya Pili, Jengo la Jiji.

Kutoka Chumba Namba 14, ghorofa ya chini, mkabala na stoo ya mifagio.

KUHUSU: SIFURI NILIYOPEWA KWA KUTOJUA MAANA YA NEMBO, NA MALALAMIKO DHIDI YA ALIYEITUNGA MAANA HIYO, AMBAYE NI MIMI

Mstahiki Meya,

Natanguliza heshima, na samahani pia, kwa kuwa najua wanaokulalamikia huwa wamekosewa na watu wengine. Aliyenikosea mimi ninamfahamu vizuri. Nakaa naye chumba kimoja, tunavaa viatu vimoja, na asubuhi ya leo nimempigia mswaki. Hata hivyo nimejitahidi kumwandikia mashtaka yake bila kumpendelea.

Mimi ni msaidizi wa mkataba katika Kitengo cha Habari. Nina shahada ya historia, tena ya daraja ambalo mama yangu huwatajia wageni kabla hawajaketi. Majuma mawili yaliyopita nilifanya usaili wa nafasi ya Afisa Kumbukumbu wa Jiji, kazi niliyoitaka tangu siku ya kwanza nilipoiona ile korido ya majalada huko chini na kusikia harufu yake. Nilipata sifuri katika swali la kwanza na kazi nikaikosa. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi huu. Tangazo la matokeo linasema asiyeridhika akate rufaa kwako ndani ya siku kumi na nne. Sijaridhika. Leo ni siku ya kumi na tatu, kwa sababu kumi na mbili za mwanzo nilizimaliza nikichagua kati ya "sijaridhika" na "nimesikitishwa".

Ili rufaa yangu ieleweke, naomba ugeuke uitazame nembo iliyo ukutani nyuma ya kiti chako. Utaona ngao. Ndani ya ngao kuna gurudumu lenye meno saba. Juu ya gurudumu kuna ndege aliyefungua mdomo. Kando yake kuna ufunguo. Na chini kabisa kuna utepe mrefu usio na neno hata moja. Ukishaiona, tafadhali nigeukie mimi. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kwamba niliagizwa kuandika.

Miaka mitatu iliyopita, nikiwa na wiki mbili kazini, Mkuu wa Kitengo chetu aliingia chumbani kwangu bila kubisha hodi. Akasema, "Binti, Alhamisi tuna wageni wazito. Nataka kijitabu cha maana ya nembo." Nikamuuliza maana yenyewe ni ipi. Akasema, "Ningekuwa naijua ningekufuata wewe?"

Nilishuka kwenye majalada. Jalada la nembo nililipata, na sitasahau nilivyofurahi kuliona jinsi lilivyo kuukuu, nikidhani ukuukuu ni dalili ya kujua mambo. Ndani yake kulikuwa na karatasi moja. Imeandikwa kwa wino wa bluu: "Mchoraji amemaliza?" Na chini yake, kwa mwandiko mwingine: "Bado."

Nilirudi nikatoa taarifa. Mkuu alinitazama kwa huruma. "Miaka yote hiyo darasani, mwanangu, halafu unashindwa na gurudumu? Kitu kisicho na maana hakiwezi kubandikwa kwenye gari la Meya. Maana ipo. Itafute."

Sikuitafuta, Mstahiki. Niliitunga. Ilikuwa siku ya Jumatano, kuanzia saa nane mchana hadi saa tisa na robo. Meno saba nikayafanya vilima saba ambavyo Jiji lilianzia. Ndege nikamfanya tai, maana sikufikiri kwamba kuna jiji lingekubali kuwa na ndege mwingine. Mdomo wake ulio wazi unatangaza haki, na miguu yake, ambayo kwa bahati mbaya ni bapa, ni uthabiti wa utawala. Ufunguo nikaufanya ukarimu kwa wageni, kwa kuwa wageni ndio waliokuwa wanakuja. Nilipofika kwenye utepe mtupu nikakwama. Nikasimama, nikazunguka meza mara mbili, kisha nikaandika: "Utepe hauna maneno kwa sababu Jiji letu husikiliza kabla ya kusema."

Nilijipenda sana siku ile. Nalitaja hilo kwa sababu nimeahidi kutokumpendelea mshtakiwa.

2. Kwamba niliaminiwa.

Nilitegemea mtu mmoja tu, hata mmoja, ahesabu vilima. Jiji letu lina vilima vinne, na hapo nimelihesabu dampo. Vinaonekana kutoka dirisha lolote la upande wa mashariki, pamoja na dirisha lako. Nilijiandaa kwa ajili ya siku ambayo mtu angepiga simu kuuliza. Niliandika hadi jibu la kuomba radhi, zuri, lenye aya tatu. Simu haikulia.

Badala yake kijitabu kilipelekwa mashuleni. Ukurasa wa nne, wenye maana zote hizo, ukakuzwa na kuwekwa ndani ya kioo pale mapokezi. Mwezi mmoja baadaye nilikuwa nimechoka, nikaegemea nembo ya chuma pale langoni nikisubiri mvua ikatike, na mlinzi akanijia mbio. "Dada, hapo unaegemea vilima saba. Heshimu." Nikamwambia samahani. Nikasimama kwenye mvua. Ukitafuta picha ya maisha yangu ya kazi, Mstahiki, iwe hiyo.

3. Kwamba hata nyumbani sikupumzika.

Shangazi yangu, aliyezaliwa katika Jiji hili na ambaye hakuwahi kutaja zaidi ya vilima vinne utoto wangu wote, alikisoma kijitabu kwenye foleni ya kliniki. Siku hizi anavikumbuka vyote saba. Anasema alikuwa akiokota kuni kwenye cha saba. Nilimuuliza kwa upole, "Shangazi, hicho cha saba kiko wapi?"

"Kile cha nyuma."

"Nyuma ya nini?"

"Nyuma ya vile sita, mtoto wewe. Chuoni mlikuwa mnafundishwa nini?"

Nilijaribu kumweleza kwamba kijitabu nimekiandika mimi, na kwamba mambo yale niliyatoa kichwani. Akamgeukia mama. "Wifi, huyu mwanao amesoma hadi anafikiri vilima amevileta yeye."

Mama alicheka hadi akashika ukuta. Mimi pia nilicheka, ila nilianza baadaye kidogo.

4. Kwamba nilifanyiwa usaili na mimi mwenyewe, nikaanguka.

Hapa ndipo penye kiini cha rufaa. Jopo lilikuwa na watu watatu: Mwenyekiti, mama wa Utumishi, na mjumbe wa tatu ambaye kazi yake ilikuwa kutikisa kichwa wakati wengine wakiandika. Mwenyekiti alifungua kijitabu. Kijitabu changu. Akauliza, "Meno saba ya gurudumu kwenye nembo ya Jiji yana maana gani?"

Naomba uelewe hali yangu. Jibu nililijua kuliko mtu yeyote aliye hai. Ningeweza kulisema nikiwa nimelala. Lakini nilikuwa nimekuja kuomba kazi ya kulinda kumbukumbu, na kwa miaka mitatu nilikuwa nikijiambia kwamba nikiipata ile korido ya majalada, kitu cha kwanza nitakachofanya ni kuusahihisha ule ukurasa wa nne. Nikaona vibaya kuingia kwenye korido hiyo kwa kupitia uongo uleule. Basi nikajibu, "Hayana maana inayojulikana. Jalada la nembo lina karatasi moja tu, na imeandikwa 'Bado'."

Mwenyekiti alivua miwani. "Binti, kusoma unajua?"

"Nina shahada, Mheshimiwa."

"Basi soma kijitabu. Ukurasa wa nne."

"Kijitabu hicho nimekiandika mimi."

Alikigeuza akatazama nyuma, akakigeuza tena akatazama mbele, akalisogelea gamba lake kama mtu anayetafuta mchubuko. "Hapa pameandikwa 'Kimetolewa na Jiji'. Wewe ni Jiji?"

Nilijibu kwamba mimi si Jiji. Mjumbe wa tatu akatikisa kichwa. Hilo ndilo jibu langu pekee lililopata alama ya vema.

Nafasi ilichukuliwa na kijana wa suti ya kijivu, ambaye aliingia baada yangu. Mlango haukufungwa vizuri, kwa hiyo nilimsikia nikiwa kwenye benchi. Aliusema ukurasa wa nne wote bila kutazama popote, pamoja na neno moja lililorudiwa mara mbili kwa makosa ya mpiga chapa. Alilirudia mara mbili. Jopo lilimpigia makofi.

5. Kwamba jina langu halimo kwenye kijitabu. Hili nalitaja kwa ajili ya kumbukumbu tu. Haliniumi.

6. Kwamba shahidi wangu aliharibika nikiwa namtazama.

Baada ya matokeo niliamua kutafuta ushahidi. Nilimuuliza mlinzi kama anamfahamu mtu yeyote anayejua habari za ile nembo ya langoni. Akasema, "Muulize aliyeichora. Si ndiye huyo anayekuja kila mwaka kuipaka rangi upya?" Mstahiki, mzee huyo nimemwona mara tatu kupitia dirisha langu, lililo jirani na lango, amepanda ngazi, ana makopo mawili. Mara ya tatu nilimwomba asogeze ngazi kwa kuwa ilinizibia mwanga. Nilikuwa nikisahihisha toleo la pili la kijitabu.

Karakana yake iko nyuma ya gereji. Nilimkuta ameshika brashi moja kwa meno, na kwa nyingine anaandika PANCHA kwenye tairi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Bango la nini?"

"Si bango. Nimekuja kwa ajili ya nembo ya Jiji."

"Imebanduka tena?"

Nilimweleza nilichotaka. Alifurahi kuulizwa, akanifutia kopo nikalikalia. Gurudumu, alisema, ni lile duara la mnyororo wa baiskeli yake. Siku ile alikuwa ameipindua anaitengeneza, basi ikawa mbele ya macho. Nikamuuliza kwa nini lina meno saba. "Brashi ilikuwa nene. La nane lilikataa kuingia." Na tai? "Tai yupi?" Ndege wa juu, Mzee. "Aa, yule! Yule bata wa jirani. Hakunyamaza tangu asubuhi, nikamwambia haya, na wewe ingia." Ufunguo ni wa stoo yake, alikuwa ameuweka hapo karibu asiusahau. Na utepe mtupu? Hapo alihuzunika kidogo. "Waliniambia maneno yatafuata. Nangoja mpaka leo. Wewe si unafanya kazi hukohuko? Ukiyaona niletee, rangi nyeupe ninayo."

Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nilipolifungua lile jalada. Nilitoa fomu ya maelezo ya shahidi. Kisha, kwa sababu nimelelewa kutenda haki kwa pande zote mbili, nikaona ni vyema nimsomee pia ukurasa wa nne, ajue anakanusha nini.

Nilipofika kwenye utepe akaweka brashi chini.

"Rudia hapo."

"Utepe hauna maneno kwa sababu Jiji letu husikiliza kabla ya kusema."

Akamwita fundi wa matairi aliyekuwa upande wa pili: "We! Acha hiyo jeki, njoo usikie nilichochora!" Ikabidi nisome tena, mbele ya fundi wa matairi, fundi wa umeme, na mteja aliyekuja kujaza upepo. Wakampa mkono mmoja mmoja. Fundi wa umeme alisema siku zote alijua yule mzee si mtu wa kawaida.

Nikamkumbusha kuhusu fomu. Akairudisha kwangu taratibu. "Mwanangu, mkono wa mchoraji una akili zake. Huenda niliyajua haya bila kujua."

"Lakini Mzee, umeniambia ni bata."

"Bata gani? Usinivunjie heshima mbele ya mafundi."

Aliomba nakala tano, za wajukuu. Nilimpelekea kumi.

7. Kwamba ugonjwa wenyewe umenifikia.

Siku niliyotoka kwenye usaili sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilikaa kwenye ngazi za mbele, chini ya nembo kubwa, nikiwa sijui nitamwambia nini mama. Niliinua macho nikauona ule utepe. Mtupu, mweupe, umekunjwa ncha zake vizuri. Na nikafarijika, Mstahiki. Nilihisi kwamba mahali fulani katika jengo lile kuna mtu ambaye angenisikiliza kabla ya kusema. Ilinichukua dakika nzima kukumbuka kwamba faraja hiyo ni yangu mwenyewe, ya Jumatano ile saa tisa na robo. Na hata baada ya kukumbuka, haikuondoka.

Kwa sababu hizo zote, naomba ofisi yako ichukue mojawapo ya hatua zifuatazo, kwa mpangilio huu:

Kwanza, sifuri yangu ifutwe, kijitabu kiondolewe, na pale mapokezi iwekwe ile karatasi ya jalada, yaani "Mchoraji amemaliza?" na "Bado". Naamini ni maelezo ya kweli zaidi ya Jiji letu kuliko yote yaliyowahi kuwekwa kwenye kioo.

Pili, ikiwa hilo litaleta aibu, basi kijitabu kibaki kilivyo na Jiji ndilo lirekebishwe. Tunapungukiwa na vilima vitatu. Nimepima maeneo kwa hatua zangu mwenyewe: kimoja kinaweza kusimama kwenye maegesho ya magari ya madiwani, cha pili kwenye uwanja wa gwaride, na cha tatu nyuma ya nyumba ya shangazi, ambaye tayari anakikumbuka. Havihitaji kuwa virefu. Mwinuko wowote unaomfanya afisa wa Jiji apumzike katikati nitauhesabu kuwa kilima.

Tatu, ikiwa vilima haviwezekani, basi tung'oe jino moja la gurudumu kila mwaka hadi yabaki manne, polepole, wananchi wasishtuke. Mzee wa karakana ana rangi. Sidhani kama atakubali, lakini akisomewa maelezo mazuri anaweza kushawishika kwamba ndivyo alivyokusudia. Maelezo hayo naweza kuyaandaa.

Nne, na mwisho, ikiwa yote hayo yamekataliwa, naomba nishtakiwe. Kosa liwe kughushi asili ya Jiji. Nitakiri. Sihitaji wakili. Ombi langu ni moja tu: hati ya mashtaka ieleze wazi, katika mstari wa kwanza, kwamba kijitabu husika kiliandikwa na mimi, chote, ikiwa ni pamoja na ile sentensi ya utepe. Nimejichunguza kwa uaminifu katika hili, na nalazimika kurekebisha kipengele cha tano hapo juu. Linaniuma.

Nakutakia kazi njema. Nisalimie Katibu Muhtasi wako, ambaye atakuwa ameisoma barua hii kabla yako na kucheka mahali ambapo sikukusudia. Nisalimie dereva wako na ile nembo anayoifuta kila asubuhi. Nisalimie Mwenyekiti wa jopo, mama wa Utumishi, na mjumbe wa tatu, ambaye namwomba safari hii akitikise kichwa upande mwingine.

Ni mimi, mlalamikaji, mlalamikiwa, na shahidi pekee aliyebaki,
Msaidizi wa Chumba Namba 14.

Nyongeza: Nimelazimika kufungua tena bahasha. Mkuu wa Kitengo ametoka hapa sasa hivi. Inaonekana yule kijana wa suti ya kijivu aliagizwa kuandika maana ya nembo ya soko kuu jipya, na baada ya siku nne amewasilisha ukurasa wa nne wa kijitabu changu, neno kwa neno, isipokuwa kila palipoandikwa "Jiji" ameandika "Soko". Wamemhamishia Kitengo cha Maegesho. Mkuu alisimama mlangoni akasema, "Binti, ile nafasi bado unaitaka?" Nilimjibu kwamba nina msimamo wangu kuhusu nembo, nimeuweka kwa maandishi, na una vipengele saba. Akasema, "Nimeuliza nafasi, sijauliza msimamo. Maana ya soko inatakiwa Alhamisi." Nilikataa kwa muda wote niliokuwa natafuta kalamu.

Kwa hiyo naiondoa rufaa hii, na naomba uihesabu kuwa haikuandikwa. Ningeichana, lakini kipengele cha sita kimenitoka vizuri na ningependa mtu akisome. Tafadhali pokea pia ukurasa mmoja nilioambatanisha, wenye maana kamili ya nembo ya soko kuu: rangi zake, wanyama wake wawili, na sababu ya mizani kuinama kidogo upande wa kushoto. Nembo yenyewe bado haijachorwa.